Binamu Harudishwi

Katuba, Lubumbashi
9 Agosti 1993

Mdogo wangu Anaclet,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi mzima, watoto wa jirani wazima, paa la nyumba ndilo linaloumwa, ila mvua bado. Barua hii nampa dereva Kabwe anayekuja huko Kasumbalesa na kamyo ya sabuni. Mpe maji ya kunywa. Pombe asipate mpaka uone bahasha imefika yote.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Jana alifika hapa kwangu mfanyabiashara mmoja, mtu wa Butembo, jina lake Paluku. Utamkumbuka: ndiye aliyekuwa na depo ya makayabu, wale samaki wakavu, karibu na soko, ile ambayo askari waliibeba pamoja na milango yake siku za uporaji wa mwaka wa 91. Kambi yao yote ilinuka samaki wa chumvi juma zima, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Sasa anataka kuanza upya. Amepata Wahispania wa kumuuzia samaki, na ana mshirika Zambia, Bwana Kalaba wa Kitwe, mwenye makamyo na konti kwenye benki. Wahispania wametuma mkataba kwa lugha yao. Benki ya Kitwe inasema haitagusa karatasi isiyo ya Kiingereza. Paluku akaambiwa mjini kwamba Katuba kuna mama mshonaji aliyekaa na masista Wahispania mpaka siku walipokimbia.

Ni kweli nilikaa nao. Lakini Kihispania changu unakijua: ni cha jikoni, cha zahanati na cha rozari. Naweza kumuuliza mtu kama anaharisha, naweza kuomba kitunguu, naweza kumzika Mkristo. Karatasi ya fedha sijawahi kuisoma. Nilitaka kukataa. Paluku akatazama juu, akaona jinsi jua linavyoingia sebuleni bila kupiga hodi, akasema, "Mama, nitakupa mabati." Hakutaja pesa, hizi zaire zetu. Siku hizi mtu anayesema mabati ni mtu mwenye akili. Nikakubali.

Nimeona tufanye hivi: mimi nitatoa maneno katika Kihispania niyaweke katika Kiswahili, wewe uyatoe katika Kiswahili uyaweke katika Kiingereza. Ukurasa wa kwanza huu hapa. Kichwa chake ni cobertura del riesgo de cambio. Cobertura ni kile kitu cha kutandika juu ya kitanda. Sista Inmaculada alinituma kumletea kila jioni ya Juni. Riesgo ni hatari. Cambio ni change, ile ya pesa. Basi: "Bulangeti la hatari ya change." Usiniulize maana yake, andika.

Tena kuna mtu anayerudi kila mstari, tipo de cambio. Tipo ni jamaa, mtu usiyemheshimu sana. Sista alimwita hivyo fundi wa mabomba. Nimeandika "jamaa wa change". Karatasi inasema jamaa huyu hupanda na kushuka kila siku, na hakuna anayejua kesho ataamkia wapi.

Fanya kazi safi. Mvua haitangoji.

Dada yako,
Laurentine


Kasumbalesa
14 Agosti 1993

Yaya Laurentine, dada yangu,

Barua ilifika. Kabwe nilimupatia mayi, akaitazama ile kopo kama nimemutukana.

Yaya, kazi hii iko muzuri. Unajua mi niko déclarant wa forodha, kila siku naandika Kiingereza cha douane: muzigo, uzito, namba ya kamyo. Lakini siku zote nilikuwa najua moyoni kama Mungu hakunipa Kiingereza juu ya kuandika uzito wa mahindi tu. Nimekaa na ukurasa wako jioni mbili, makamyo yanalia inje kwenye mustari, mi siyasikii.

Huyu jamaa wa change nilimutambua palepale. Hapa kwetu beko bengi! Banakaa kwenye viti vya plastiki kando ya barrière ya mupaka, kila mumoja na mafungu ya noti mbele yake kama matofali ya nyumba. Na ni kweli banapanda na kushuka. Asubui anakupa bei moja, saa sita ingine, magaribi anakwambia amefunga, na hajafunga, unamuona. Kwa Kiingereza nimemupa jina la heshima: Mister Change. Bulangeti nimeliacha bulangeti, juu Waingereza nabo banalijua.

Nilimuonyesha mukarani mumoja wa upande wa Zambia. Alisoma yote mpaka chini, akaniuliza kama ni wimbo wa kanisa. Nikajua Kiingereza changu kiko juu.

Tuma ukurasa wa pili mbio. Bwana Kalaba anapita hapa kila Posho, siku ya Jumamosi, na kila mara ananiuliza kama Wahispania wanataka nini hasa.

Mudogo wako,
Anaclet


Katuba
23 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Ukurasa wa pili umeninyima usingizi, na si kwa sababu ya maneno magumu.

Neno la kwanza ni vencimiento. Hilo nalitoa kwenye nyimbo: vencer ni kushinda. Kwa hiyo nimeandika "siku ya kushindwa". Mstari mzima unasomeka: "Anayemwogopa jamaa wa change ajifunike bulangeti mapema, kabla ya siku ya kushindwa." Hapa nilimsifu Mungu. Hata Wahispania, kumbe, wakiandika mambo ya fedha wanakumbuka hukumu.

Lakini neno la pili ni prima. Prima nalijua kama jina langu. Ni binti wa mjomba au wa shangazi, binamu wa kike. Sista Inmaculada alikuwa na prima wake huko kwao Zamora, waliandikiana kila Noeli. Na karatasi inasema hivi, nimeisoma mara nyingi kwa kidole: "Mnunuzi atatoa binamu siku ya kutia sahihi. Asipotumia bulangeti, binamu harudishwi."

Nilimsomea Paluku. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Mama, hawa Wahispania ni Wakristo?"

"Wakristo sana, Baba."

"Na wanataka binamu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nafasiri tu."

"Mimi niko na binamu moja tu hapa Lubumbashi," akasema. "Perpétue, mutoto wa mujomba yangu. Ndiye anashika vitabu vya depo. Mama, ule mwanamuke, hata kumutuma chumvi unaomba kwanza."

Akazunguka chumbani. Mwisho akasema labda desturi yao ni ndugu wa mnunuzi asimame kama shahidi, na wakimtaka zaidi ya hapo basi samaki wao wabaki nao baharini. Niliona ni jibu la mtu mwema. Ila lile la bulangeti, hilo limemwingia. Aliniomba nilisome tena taratibu, na akaondoka akilirudia midomoni.

Andika yote kama yalivyo, usilainishe.

Laurentine


Lubumbashi
6 Septemba 1993

Kwa Bwana Anaclet, Kasumbalesa

Salamu. Mimi ni Paluku, wa makayabu. Dada yako ni mama mwenye faida, Mungu amulinde.

Maneno mafupi. Ile karatasi inasema mutu ajifunike bulangeti mapema. Nimefikiri, nimeomba, nimeona ni akili. Zaire zangu zote nilizokuwa nazo nimenunua bulangeti. Wauzaji walinipunguzia bei kwa sababu baridi imeisha, na nyuma yangu walicheka. Wacheke. Wahispania walikuwa wanafanya biashara kabla hatujazaliwa.

Jambo la pili. Perpétue anakuja huko na Kabwe, analeta karatasi zote aonane na Bwana Kalaba. Anajua ni kazi ya depo. Lile neno la binamu sikumwambia. Na wewe usimwambie. Kama Kalaba akimuuliza kitu cha ajabu, wewe fasiri kwa upole.

Ni mimi,
Paluku


Kasumbalesa
20 Septemba 1993

Kwa Mama Laurentine,

Hatujaonana, lakini nakuandikia kwa heshima, maana najua nia yako ilikuwa njema. Naitwa Perpétue. Mimi ndiye binamu.

Acha nikueleze siku ilivyokwenda. Nilipanga chumba kwa Mama Simone, anayeuza maandazi nyuma ya douane, na asubuhi nikaenda ofisini kwa mdogo wako. Alikuwa amevaa tai. Alinipa kiti, akafuta kiti, akanipa tena. Kila nilichomuuliza kuhusu mkataba, alijibu kuhusu hali ya hewa. Nikasema moyoni, huyu mtu ni mgonjwa au ni mwongo.

Saa nne akafika Bwana Kalaba kutoka Kitwe, suti nyeusi, na pamoja naye mke wake, Mama Chileshe, mwanamke mnene wa kupendeza mwenye mkoba ulioshikwa kama ngao. Mama huyo alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, kisha akasema maneno mengi kwa Kibemba. Mimi Kibemba sijui. Nikamgeukia Anaclet.

"Anasema karibu," akasema.

"Karibu ndefu hivyo?"

"Kibemba kiko na maneno marefu."

Mama Chileshe akasema tena, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye makamyo. Madereva wakaanza kusogea.

"Anaclet," nikasema, "amesema nini?"

Akalegeza tai. "Anauliza kama binamu ni weye. Na kama utakaa nyumba moja naye, ao utajengewa yako."

Mama, nilimwomba Mungu anipe uvumilivu, hakunipa. Nilisema mambo kwa Kinande, lugha ya kwetu Butembo, ambayo nashukuru hayana mfasiri mpakani mwa Zambia. Bwana Kalaba akainua mikono yote miwili. Kiswahili chake ni kidogo lakini kilitosha: "Mimi hapana taka! Benki pia hapana taka!" Akatoa mfukoni ile karatasi ya Kiingereza. Meneja wa benki, akasema, aliisoma akavua miwani, akaita wenzake wa vyumba vyote, wakaisoma kwa zamu. Kisha akamwambia kwamba benki yake inapokea nyumba, inapokea shamba, inapokea hata trekta bovu, lakini binamu haipokei.

Nikaomba karatasi ya Kihispania. Mimi Kihispania sikijui, Mama. Ila nilisoma biashara kwa Kifaransa kule Bukavu, na mle ndani niliyakuta maneno niliyofanyia mitihani, yamevaa nguo nyingine tu. Cobertura ni couverture. Ndiyo, couverture ya kitanda, lakini kwenye biashara ni kujikinga. Yule jamaa wa change si mtu, ni bei ya kubadilishia pesa. Siku ya kushindwa ni siku ya malipo kufika. Na prima ni prime.

Mambo yote ni haya: Kaka Paluku anaagiza samaki leo, atalipa miezi ijayo kwa pesa ya Wahispania, na hajui siku hiyo pesa hiyo itauzwaje. Benki inamwambia, tufunge bei leo. Hata ikipanda mpaka mawinguni, wewe utanunua kwa bei yetu. Kwa ahadi hiyo benki inataka kitu kidogo mbele, na kitu hicho hakirudi hata usipoitumia ahadi. Kitu hicho ndicho mimi, Mama. Kitu kidogo kisichorudi.

Mama Chileshe alipoelezwa alicheka mpaka akaketi kwenye mzani wa mizigo. Tumekula naye mchana. Nimemwandikia Kaka Paluku kila kitu, na nitabaki hapa kuirudia kazi pamoja na mdogo wako: mimi Kifaransa na Kiswahili, yeye Kiingereza. Nimemwambia tai avue.

Perpétue


Katuba
4 Oktoba 1993

Mwanangu Perpétue,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nisamehe. Lakini nisikilize na mimi kidogo. Siku prima wa Sista Inmaculada alipofariki, Sista alilia siku tatu. Hakuna mtu anayelia hivyo kwa ajili ya malipo ya benki. Ningejuaje? Na masista walinikataza kabisa kuchanganya Kihispania na Kifaransa. Walisema nikichanganya nitaharibu vyote viwili. Nikatii. Tazama sasa.

Lakini kuna jambo linaninyima chakula. Kaka yako amejaza bulangeti depo nzima mpaka dari. Zilizobaki ameziweka chumbani kwangu; nalala juu yake kama malkia, kichwa kinagusa paa. Na hili joto la Oktoba! Watu wa soko wanamwita Baba Bulangeti. Yeye anapita katikati yao kifua mbele, anawaambia, "Nyinyi hamujui Wahispania."

Unasema ulimwandikia kila kitu. Basi barua haikufika, maana jana alikuja hapa akaniuliza kama ukurasa wa tatu unasema lolote juu ya mito ya kulalia. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Nikaona uso wake, mtu aliyeporwa mpaka milango, ameanza tena kuvaa shati la pasi. Mdomo ukafunga. Nilisema mito haimo.

Nipe shauri.

Mama yako,
Laurentine


Kasumbalesa
18 Oktoba 1993

Yaya,

Kazi inaendelea, lakini inaendelea polepole. Kiingereza cha kweli hakitaki mbio. Tena mashini ya kuandikia ya ofisi iko na maladi, herufi ya r inaruka, kila r tunaandika na kalamu. Mademoiselle Perpétue anatafuta neno, mi natafuta neno, tunalinganisha, Mama Simone analeta chai, tunalinganisha tena.

Iko mwanamuke wa akili, Yaya. Juzi kambisti mumoja, wale jamaa ba change, alimupa noti zenye kuchanika katikati, alimusimamia pale, hakupiga kelele, alimutazama tu. Yule muntu akahesabu upya yeye mwenyewe, akaongeza, akaomba musamaha. Mi niko hapa miaka, sijawahi kuona kambisti akiomba musamaha.

Ukimuona Baba Paluku umwambie asihangaike. Majuma mengine machache na tutamaliza.

Anaclet


Katuba
8 Novemba 1993

Anaclet,

Mungu ni mwema, na wewe ni mwongo. Nitaanza na Mungu.

Bila shaka na huko mmepata habari za pesa mpya. Redio ilisema zaire ya zamani inakufa na inazaliwa nyingine, sifuri zimekatwa. Hapa mji ulipinduka. Watu walipanga mstari benki na magunia ya noti, benki ikafungua mlango kidogo, ikafunga. Wenye maduka wakasema za zamani hawataki, za mpya hawazijui. Mwalimu wa jirani yangu alikuwa ametunza mshahara wake ndani ya mto wa kulalia. Sasa ni mto tu. Na hizo noti mpya, kabla hatujazoea sura yake, zimeanza kushuka na zenyewe.

Ndipo watu wakakumbuka bulangeti. Si baridi, Anaclet, jua linachoma utosi, lakini mtu alitaka kushika kitu chochote ambacho kesho kitaitwa kwa jina lilelile. Walikuja depo na dola zilizofichwa, na kwacha, na mahindi, na baiskeli, mmoja alileta mlango. Paluku aliuchukua ule mlango akautazama muda mrefu. Nadhani ulikuwa wake.

Bulangeti zimekwisha. Amelipa benki kile kitu kidogo kisichorudi, amewapa Wahispania sehemu ya kwanza, na mafundi wamenitandikia mabati kabla ya mvua kubwa ya Jumanne. Nililala nikiisikiliza inavyokosa pa kuingia.

Sasa wafanyabiashara wanakuja kwangu kwa siri, wananiuliza Wahispania wanasema nini kuhusu sabuni. Nikaona dhambi imekua. Paluku alipokuja nikamwambia, "Baba, lile neno halikuwa bulangeti."

Akacheka. "Mama, najua. Perpétue aliniandikia tangu Septemba. Nilijaribu kuziuza siku ileile, hakuna mutu alitaka. Sasa ningewaambia watu nini? Kwamba nimekosa? Nikanyamaza, nikasema tu Wahispania, Wahispania."

"Na ile habari ya mito?"

"Nilikuona umehuzunika, Mama. Nilitaka uone bado ninakuamini."

Kumbe tulikuwa tunachungana.

Nakuja kwako. Kabwe amekunywa chai yangu akasema bila kujua anasema nini: karatasi za Kiingereza alizivusha yeye mwenyewe mpaka Kitwe mwanzoni mwa Oktoba, r zote zikiwa mahali pake, na benki ilizikubali bila kucheka. Leo ni Novemba. Basi hiyo kazi mnayoifanya kila jioni kwa Mama Simone, inafasiriwa kutoka lugha gani kwenda lugha gani?

Nijibu vizuri. Nina umri wa kukupiga.

Dada yako,
Laurentine


Lubumbashi
10 Januari 1994

Kwa Mama Laurentine, Katuba

Salamu nyingi, na heri ya mwaka mupya.

Nimepokea posa uliyokuja kusema kwa niaba ya mudogo wako. Baba yake Perpétue ameniandikia kutoka Butembo kwamba mimi niseme kwa jina lake. Familia haina neno baya juu ya Anaclet. Ni mutu wa kazi, anasali hata kama anasali Katoliki.

Desturi yetu Wanande, mahari ni mbuzi. Nimeulizwa kama tunaweza kupokea pesa. Hapana. Pesa ya mwezi huu sijui mwezi kesho itaitwaje. Mbuzi ataitwa mbuzi.

Nimefikiri hivi. Hesabu ya mbuzi tuifunge leo, mbuzi wenyewe waje Pasaka. Hapo katikati bei ya mbuzi sokoni ipande, ishuke, hesabu yetu haiguswi. Na mbuzi mmoja aje mbele sasa kama alama ya ahadi. Huyo harudishwi. Haya sasa nayaelewa mimi mwenyewe, sikuhitaji mutu.

Makayabu inakaribia mpaka. Perpétue ameambiwa.

Paluku


Kasumbalesa
29 Januari 1994

Mama Laurentine,

Makamyo ya samaki yalifika jana. Harufu ilitangulia nusu saa. Bwana Kalaba alikuja na Mama Chileshe, akafungua gunia la kwanza, akavunja kipande, akakionja kibichi, akafumba macho. Sahihi zote za kupokea mzigo zimetiwa. Wahispania wamelipwa kwa bei iliyofungwa, na Anaclet aliandika karatasi za douane bila kosa hata moja.

Barua ya Kaka Paluku kuhusu mbuzi niliisoma. Nilipoisoma nilikasirika kuliko siku ile ya binamu. Nikaenda moja kwa moja ofisini, nikaufunga mlango, nikamwambia Anaclet aketi.

"Tangu Septemba," nikamwambia, "tunakunywa chai. Chai ya Mama Simone naijua sasa kuliko ya mama yangu. Wewe ukamwandikia dada yako. Dada yako akamwendea Paluku. Paluku akamwandikia baba Butembo. Baba akamjibu Paluku. Paluku akaniandikia mimi. Neno hili limezunguka nchi nzima, limepita mikononi mwa watu wote, mpaka limefika kwangu limekuwa mbuzi. Wewe mwenyewe hujaniambia kitu."

Akasema, "Nilifikiri unajua."

"Najua. Sijaambiwa."

Akasimama. Nje madereva walikuwa wanapiga honi, harufu ya makayabu imejaa chumba. Alifungua mdomo, Mama, na kilichotoka kilikuwa Kiingereza. Sentensi ndefu, ya adabu, kama anatangaza mzigo. Nikamwacha amalize.

"Sasa kwa Kiswahili," nikasema.

Akasogeza makaratasi kando ya meza. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chenu cha Katuba, "Perpétue, mi nakupenda. Niko na woga. Ukikataa nitakufasiria makaratasi bure mpaka nizeeke."

Nilitoka nje nikahesabu magunia ya kamyo ya pili, maana kazi ni kazi, na maana macho yangu hayakuwa ya kuonyesha watu. Nilipomaliza nikarudi mlangoni, nikamwambia ndiyo.

Mwambie Kaka Paluku mbuzi atawapata, lakini hesabu yake tutaizungumza mimi nikiwa nimeketi hapo hapo. Tunakuja Jumapili na Kabwe, sote wawili kwenye kiti cha mbele, na gunia moja la samaki ni lako. Utupikie, Yaya.

Mdogo wako,
Perpétue